Samahani, Afande

Watu wa Dar es Salaam tunaomba radhi kwa wepesi sana. Mtu akikukanyaga ndani ya daladala ya Mbagala, mara nyingi wewe uliyekanyagwa ndiye utakayetangulia kusema samahani, naye atakujibu pole. Ukitaka kuuliza njia, unaanza na samahani. Ukiingia dukani ukamkuta muuzaji anasinzia, unamwamsha kwa samahani. Kwetu neno hilo ni kama kubisha hodi. Halimaanishi kwamba aliyelitamka ana hatia yoyote, na sidhani kama yupo mtu mwenye akili timamu anayelichukua hivyo. Tena ni neno lenye manufaa makubwa, maana watu ni wengi, barabara ni chache na joto ni kali. Bila samahani tungekuwa tumekwisha kutoana macho zamani.

Neno hilohilo ndilo linalotutoka kwanza tunaposimamishwa na trafiki. "Samahani, afande." Halafu hufuata ndugu zake: nimekosa, ni kweli, nisaidie mkuu wangu. Dereva huyasema yote hayo kabla hajaambiwa amesimamishwa kwa nini. Nimewahi kupanda teksi ambayo dereva wake aliomba msamaha mara tatu, ndipo ikajulikana kwamba askari alitaka tu kumwambia mlango wa nyuma haukufungwa vizuri.

Nataka kuzungumza juu ya maneno hayo kwa sababu nimeishi nayo muda mrefu kule yanakoishia. Kabla ya kustaafu nilikuwa karani katika mahakama moja ya wilaya kwa miaka 26. Sikuwa hakimu wala wakili, na haya siyaandiki kama mwanasheria. Kazi ya karani ni kuita mashauri, kutunza majalada na, wakati wetu, kutafsiri pale ilipohitajika. Lakini mtu akikaa miaka yote hiyo akisikiliza, hata awe mzito wa kuelewa namna gani, kitu kitamwingia.

Katika mashauri ya barabarani nilichokisikia kuliko kingine chochote ni maneno mawili: ni kweli. Hati ya mashtaka inasomwa, mshtakiwa anaulizwa kama ni kweli au si kweli, naye anajibu, "Ni kweli mheshimiwa, lakini..." Baada ya hilo lakini ndipo habari yote ilipo. Ni kweli nilikuwa naendesha gari lile, lakini breki zilikatika ghafla na jana yake nilikuwa nimelitoa gereji. Ni kweli nilisimama pale, lakini askari mwenyewe ndiye aliyenielekeza nisimame. Ni kweli, lakini si mimi niliyekuwa naendesha. Huyu wa mwisho alinishangaza mwanzoni. Baadaye walipozidi kuwa wengi nikaacha kushangaa. Alichomaanisha ni kwamba ni kweli nimekusikia, ni kweli gari hilo ni letu, ni kweli hapa tulipo ni mahakamani. Watu wetu hawapendi kumwambia mkubwa "si kweli" usoni, kwa sababu neno hilo linakaribia sana kumwita mtu mwongo. Basi mtu anaanza kwa kukubali, halafu huko mbele anakana kwa adabu.

Wakati huo hakimu alizungumza nasi kwa Kiswahili lakini mwenendo wa shauri aliuandika kwa Kiingereza. Nilikuwa na tabia ya kuiangalia kalamu yake. Akiwa na haraka, kalamu ilisimama mara tu baada ya ni kweli. Akiwa makini, aliisubiri lakini ije, akasikiliza, kisha akaandika kwamba mshtakiwa amekana. Mtu mmoja na maneno yaleyale, lakini kalamu ikisimama hapa alikwenda kulipa faini, ikisimama pale alipewa tarehe ya kuja na mashahidi wake.

Sheria yenyewe inaijua hatari hiyo. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikizihudumia nchi zetu kwa pamoja, ilitoa uamuzi katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, na uamuzi huo unafuatwa hadi leo. Ulisema kwamba mshtakiwa asomewe shtaka na vipengele vyake vyote kwa lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe kadiri iwezekanavyo kwa maneno yake mwenyewe. Kisha mwendesha mashtaka aeleze jinsi mambo yalivyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakubali, kuyakataa au kuongeza lake. Akisema jambo linaloonyesha kwamba pengine hana hatia, kukiri kwake kunafutwa na inaandikwa kwamba amekana. Kwa lugha ya mtaani, uamuzi ule ulisema hakimu asikimbie kabla ya lakini. Mwaka huohuo wa 1973 ndipo Bunge letu lilipopitisha Sheria ya Usalama Barabarani, ambayo pamoja na marekebisho yake mengi ndiyo tunayosimamishwa nayo mpaka sasa. Sijui kama kuna mtu mwingine anayefurahishwa na mambo mawili kama hayo kukutana katika mwaka mmoja, lakini mimi nilifurahi nilipoligundua.

Tatizo ni kwamba ulinzi huo uko mahakamani, na watu wengi wanaosimamishwa barabarani hawafiki mahakamani. Sheria imeweka njia fupi. Kwa makosa ya kawaida, askari anaweza kukuandikia taarifa ya kosa pamoja na faini iliyokwisha pangwa. Ukikubali kosa unalipa kiasi hicho na habari inakwisha. Usipokubali, una haki ya kupelekwa mbele ya hakimu, na huko ni upande wa mashtaka unaotakiwa kuthibitisha, si wewe. Kwa gari, kosa moja limekuwa likitozwa shilingi 30,000. Kwa pikipiki na bajaji ilikuwa hivyo pia, mpaka bajeti ya 2021/22 ilipoishusha kuwa shilingi 10,000. Siku hizi unapewa kumbukumbu namba ya malipo, ile ambayo kila mtu mtaani anaiita kontroo namba, na unalipa kwa simu ukiwa umekaa ndani ya gari. Ni njia nzuri. Inamwokoa mtu na foleni za mahakama, na mahakama nayo inaokolewa na watu. Ila wengi tunapita katika njia hiyo bila kujua kwamba ilikuwa njia panda. Tunadhani kuandikiwa ni kuhukumiwa. Kumbe kuandikiwa ni kuulizwa swali, nayo fedha tunayolipa ndiyo jibu.

Mimi nakaa Mbagala, na mwanangu mkubwa amejenga Boko. Kila nikienda kuwaona wajukuu nakata jiji zima, kutoka Temeke hadi mwisho wa Kinondoni: Barabara ya Kilwa, Mandela, Ubungo, Mwenge, kisha Barabara ya Bagamoyo mpaka Tegeta na kuendelea. Safari hiyo haikosi trafiki wa kunipungia mkono. Mara nyingi ni leseni na bima tu, halafu safari njema. Askari aliyevaa sare ana mamlaka ya kukusimamisha na kukuomba hati hizo, na hapo huna la kubishana naye. Kusimamishwa kwa namna hiyo si kukamatwa. Ni kama kuulizwa tiketi ndani ya treni.

Jumamosi moja mwaka juzi nilisimamishwa na askari wa kike, kijana, umri wa binti yangu wa mwisho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Hapo nikajua kazi ipo. Askari akikuamkia, anakuwa mwanao na wewe unakuwa baba yake, na baba hawezi kumbishia mwanawe mbele za watu kuhusu jambo dogo. Aliniambia kwamba sikusimama kwenye kivuko cha watembea kwa miguu huku nyuma, na watu walikuwa wakivuka. Samahani mwanangu ilikuwa imekwisha fika kwenye ulimi. Nikaimeza. Nikasema, "Nimekusikia, afande. Lakini nilisimama, watu wakavuka wakaisha, ndipo nikaondoka. Aliyenipita kwa kulia ndiye ambaye hakusimama."

Akaniangalia. "Kwa hiyo mzee unakataa kosa?"

"Nakataa. Kama unaona ni lazima uniandikie, niandikie kwamba nimekataa, unipe na siku ya kwenda mahakamani."

Sikusema kwa ukali. Nilisema kama ninavyosema nikiagiza chai. Alitazama foleni ya magari iliyokuwa nyuma yangu, akatazama leseni, akanirudishia. "Nenda mzee. Kuwa makini na vivuko."

Nilipowahadithia wanangu walicheka na kunipongeza, lakini mimi sikuona kwamba nimeshinda kitu. Inawezekana aliniamini. Inawezekana aliona usumbufu wa kumpeleka mzee mahakamani kwa shilingi 30,000 haufai. Inawezekana ni mvi zangu. Na nikipiga hesabu za kweli, kama angesema "haya, twende mahakamani", ningepoteza siku moja, pengine mbili au tatu, mafuta na chakula cha njiani. Kwa mtu asiye na pensheni ya kukaa nayo nyumbani, kulipa kosa ambalo hakulitenda kungekuwa rahisi kuliko kulikana. Simlaumu anayelipa kwa hesabu hiyo. Ninachotaka ni ajue kwamba amepiga hesabu, na ajue alichonunua. Maana makosa mengine hayana bei ndogo kama hiyo. Kuendesha kwa hatari, kuendesha umelewa, kusababisha majeraha au kifo, hayo hayaishii kwenye kontroo namba. Hayo yanakwenda mahakamani, na huko kila ulichokisema barabarani kinaweza kukufuata.

Hapa ndipo samahani inapokuwa si mchezo. Kwa Sheria ya Ushahidi ya 1967, kukiri kosa si lazima kuwe sentensi kamili yenye jina lako na tarehe. Kunaweza kuwa maneno, au vitendo, au vyote viwili kwa pamoja, ambavyo mtu akivitazama ataona kwamba umekubali. Na kukiri mbele ya askari polisi wa cheo cha koplo na kuendelea kunaweza kupokelewa mahakamani, mradi ithibitike kwamba ulikiri kwa hiari yako, bila vitisho wala ahadi. Kwa jirani zetu wa Kenya cheo kinachotakiwa ni cha juu zaidi. Kwetu koplo anatosha. Sisemi kwamba kila samahani itaandikwa. Mahakimu wengi ni watoto wa mama waliolelewa kama sisi, wanajua Kiswahili cha adabu ni kipi. Lakini nimeona majalada ambamo shahidi wa upande wa mashtaka alisema, "Mshtakiwa alishuka kwenye gari na kuomba msamaha," na mshtakiwa akabaki kueleza maana ya pole na samahani kana kwamba anafundisha wageni lugha yake.

Habari ya rushwa nitaipitia haraka, maana imeandikwa sana. Kuna lugha ya adabu upande huo pia: tuyamalize, ya maji, ya soda. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamshika anayetoa na anayepokea, kwa hiyo aliyetoa hawezi kwenda kulalamika bila kujishtaki mwenyewe. TAKUKURU wana simu namba 113, haina malipo. Ila nionavyo mimi, fedha ile huwa imekwisha tayarishwa na samahani. Mtu akianza kwa kuomba huruma, amekwisha kubali kwamba hapo pana mfadhili na mwombaji. Akianza kwa kuuliza, "Afande, kosa langu ni lipi?" pana askari na raia.

Lililonifanya nishike kalamu lakini si safari zangu za Boko. Ni kijana wa jirani yangu, ambaye nitamwita Kijana, kwa kuwa mama yake hapendi jina lake liandikwe.

Anaendesha bodaboda ya mkataba. Kwa asiyejua, mkataba ni hivi: tajiri anakukabidhi pikipiki, unampelekea shilingi 10,000 kila siku, na muda mliokubaliana ukiisha pikipiki inakuwa yako. Ukikosa kupeleka hesabu kwa siku kadhaa mfululizo, tajiri ana haki ya kuichukua na yote uliyotoa yanapotea. Kijana alikuwa amebakiza miezi mitatu.

Jioni moja mama mmoja alimsimamisha karibu na Kongowe akiwa na mtoto wa miaka sita au saba, anachemka kwa homa. Akawapakia wote wawili. Mtindo huo vijana wanauita mshikaki, na haukubaliki. Pikipiki ya abiria inabeba abiria mmoja. Walipokuwa njiani wakasimamishwa. Mama na mtoto wakatafutiwa bajaji wakaendelea na safari yao, jambo ambalo namshukuru askari yule kwalo. Kijana akaulizwa, "Umebeba mshikaki?" Ni kweli afande. Askari akaingiza namba ya pikipiki kwenye mashine yake. "Pikipiki hii ina madeni matatu ya faini. Unajua?" Akajibu, "Najua afande." Hakuwa anajua. Alijua deni moja, la kofia ngumu ya abiria. Najua hiyo ilikuwa na maana ya nimeelewa, nimekusikia, usikasirike. Akaambiwa aiendeshe pikipiki mpaka kituoni.

Mama yake alinigongea kama saa nne usiku. "Baba, mwanao kakamatwa."

Tulimkuta amekaa kwenye benchi la mapokezi, mikono katikati ya magoti, tangu saa moja. Hakula, hakupiga simu. Simu alikuwa nayo mfukoni lakini alidhani haruhusiwi, na habari ilimfikia mama yake kupitia bodaboda mwenzake. Nilimsalimu askari wa zamu, nikajitambulisha kwamba mimi ni jirani na mzee wa mtaa, nikauliza, "Afande, naomba kujua, huyu kijana amekamatwa kwa kosa gani?"

Akafungua kitabu, akasoma, akanyanyua uso. "Huyu hajakamatwa mzee. Pikipiki ndiyo imezuiwa."

Saa tatu nzima. Alikuwa anaweza kuondoka kwenda nyumbani kula ugali. Hakuna aliyemwambia kaa, na hakuna aliyemwambia nenda. Benchi lilikuwa pale, akakaa. Sioni ubaya wa askari yule, aliyekuwa na watu kumi mbele yake. Sioni ubaya wa Kijana pia. Swali moja tu ndilo lililokosekana: je, nimekamatwa?

Swali hilo lina uzito kwa sababu jibu likiwa ndiyo, mambo mengi yanaanza kwenda kwa saa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 inataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu. Inataka aambiwe kwamba halazimiki kujibu maswali ya polisi, isipokuwa jina lake na anwani yake. Ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Maelezo yake yakiandikwa, asomewe na aweze kusahihisha kabla ya kutia sahihi. Asipofikishwa mahakamani ndani ya saa 24, suala la dhamana ya polisi linaangaliwa, na dhamana hainunuliwi; ukiombwa fedha ili utolewe kwa dhamana, hiyo si dhamana. Makosa yasiyo na dhamana yapo, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Mshikaki haumo. Na Katiba, katika ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitishwa. Jibu likiwa hapana, wewe ni mtu huru uliyekaa kwenye benchi.

Baada ya hapo tukaja kwenye madeni. Karatasi ya maelezo ilikuwa imekwisha kuandikwa lakini haijatiwa sahihi, na ndani yake ilisema kwamba Kijana anakiri kudaiwa faini tatu. Niliomba tuzione tarehe. Askari akazifungua. Moja ilikuwa ya Kijana. Mbili zilikuwa za miezi kabla hajakabidhiwa pikipiki, na karatasi ya mkataba, ambayo mama yake alikuwa na busara ya kuja nayo kwenye mkoba, ilikuwa na tarehe na sahihi ya tajiri. Kosa la barabarani ni la mtu aliyeendesha, lakini mashine humkumbuka kwa namba ya chombo. Ukichukua pikipiki ya mkataba leo unaweza kurithi makosa ya mtu ambaye hujawahi kumwona. Kijana alikuwa amekwisha yarithi kwa neno moja, najua. Askari alikata mstari ule, akaandika upya, wote wawili wakaweka alama pembeni. Ilichukua dakika tano.

Nisidanganye kwamba yote yalikwisha hapo. Kijana alilipa shilingi 20,000 asubuhi yake, ya mshikaki na ya kofia. Zile mbili tajiri alizikataa siku ya kwanza, siku ya pili hakupokea simu, siku ya nne akalipa baada ya kuonyeshwa tarehe na kukumbushwa kwamba pikipiki ikiendelea kukaa kituoni inamgharimu na yeye. Ikatoka siku ya tano. Siku nne bila hesabu ni shilingi 40,000, mara mbili ya faini zake. Ilikuwa nusura mkataba uvunjike, na hesabu zile alizifidia kwa kulala saa nne kila usiku kwa karibu mwezi mzima. Yule mama mwenye mtoto hatukumwona tena, na mpaka leo Kijana anauliza kama mtoto alipona.

Watu husema dawa ni sheria kuandikwa kwa Kiswahili. Mimi niliifurahia sana hatua hiyo. Mwaka 2021, kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Namba 1 ya mwaka huo, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kalamu ninayoikumbuka sasa inaweza kuandika ni kweli kama ni kweli. Ni jambo kubwa kwa mtu aliyekaa miaka 26 akiona maneno yanavuka mto na kupoteza nguo. Hata hivyo Kijana hakuponzwa na Kiingereza. Mazungumzo yote ya usiku ule yalikuwa ya Kiswahili, na Kiswahili kizuri. Kilichomponza ni kwamba tuna Kiswahili cha adabu na Kiswahili cha ushahidi, vinatumia maneno yaleyale, na hakuna aliyetuambia tunatoka kimoja na kuingia kingine pale tu mkono wa trafiki unaponyanyuka.

Wiki mbili baadaye Kijana alikuja kunishukuru, akiwa na mananasi mawili. Akaniuliza, "Sasa mzee, nikisimamishwa niseme nini?" Nikamwambia asalimie, atoe leseni, aulize kosa, na asiseme ni kweli mpaka iwe kweli, aseme nimekusikia.

Akacheka. "Mzee, wewe ukisema nimekusikia ni busara. Mimi nikisema nimekusikia, si nitaonekana jeuri?"

Alikuwa na haki. Sikuwa nimelifikiria hilo. Maneno yanayomkaa mtu wa miaka 68 hayamkai wa miaka 22, na askari naye ana masikio. Tulikaa barazani karibu saa nzima tukitafuta maneno ambayo hayakiri na hayatukani. Mwishowe tukafika kwenye "Nimekuelewa, afande, naomba unieleze kosa langu na tarehe yake." Akayajaribu mara mbili, kwa sauti ya chini, kichwa kimeinama kidogo. Mama yake, aliyekuwa akichambua mchele upande wa pili wa ukuta, akasema hapo kwenye tarehe bado kuna jeuri, arudie.